Ringi ya Msumeno wa Helmer

Tallsele, 20 Januari 1974

Mjomba Evald,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Natumaini macho yako yanaendelea vizuri tangu wakupasue, na kwamba Maj-Britt hamlishi baba yake uji asubuhi na jioni kama ulivyokuwa ukihofia. Mama anakusalimu. Goti la dada yako bado linamsumbua, lakini Jumapili iliyopita alikwenda ziwani, akatoboa barafu mwenyewe na kurudi na samaki kumi na mmoja, kwa hiyo sijui hilo goti linamsumbua saa ngapi hasa. Paka wako amehamia kwetu bila kuaga. Theluji imefika dirisha la karakana na kila asubuhi nauchimbua mlango kwa koleo.

Kazi zipo. Wakata miti wamezoea kunikuta mimi penye meza yako, au wamechoka kushangaa. Algot ndiye hajachoka. Juzi aliingia na msumeno wa injini begani akasema, "Gerd, angalia vizuri, hii siyo cherehani." Nikamwambia cherehani ina akili kumzidi mwenye huo msumeno. Wenzake walimcheka, naye akajilipiza kwa kunywa kahawa yangu vikombe vitatu.

Nina swali moja dogo, halina haraka. Katika yale makopo ya ugoro unamoweka ringi za pistoni, yapo mawili uliyoandika kipenyo cha arobaini na nane. Kwenye kifuniko kimoja umeongeza unene wa milimita moja na nusu, na kwenye kingine moja na nukta mbili. Nikizilaza mezani zinafanana kama mapacha. Sasa, ikitokea mtu akaleta msumeno, nikatoa ringi kwenye kopo la moja na nusu, halafu nikaona inacheza kidogo kwenye mfereji wa pistoni, hilo ni jambo la kawaida? Nauliza kwa kujifunza tu.

Najua ni Maj-Britt anayekusomea, kwa hiyo nawe binamu pokea salamu, wewe na mumeo Rune. Mwambie Rune kwamba kaka yake, Helmer, hajambo. Kampuni ya miti imempa kazi ya kufundisha wakataji wapya, na anawahubiria juu ya kuchanganya oili kwenye petroli kama mchungaji anavyohubiri dhambi.

Mpwa wako,
Gerd


Umeå, 8 Februari 1974

Mpwa wangu Gerd,

Anayeandika ni Maj-Britt, maneno ni yangu. Jicho la kulia bado limefungwa na la kushoto linangoja zamu yake. Uji naletewa kweli, tena wa shayiri. Siruhusiwi kuinama, kucheka wala kupiga chafya. Mwambie mama yako asinitumie utani wake mpaka Aprili.

Swali lako siyo dogo. Ringi siyo bangili, kwamba ikikuingia basi imekufaa. Ringi mbili zinaweza kuwa na duara moja na zisiwe ndugu kabisa. Kwanza unene. Hizo milimita ulizozisoma ni tofauti ya wembe, lakini ringi nyembamba kwenye mfereji mpana itapigapiga juu na chini mara elfu kadhaa kwa dakika, mpaka ikatike. Pili ncha zake. Ndani ya mfereji kuna pini ndogo inayozuia ringi isizunguke. Ringi nyingine zimekatwa ncha kwa upande wa ndani, zinaikumbatia pini. Nyingine zimekatwa kwa chini. Ukizibadilisha, ncha itapanda juu ya pini na kukwaruza silinda. Tatu ule mwanya. Unaisukuma ringi peke yake ndani ya silinda kwa kichwa cha pistoni, ikae sawa, unapima nafasi kati ya ncha. Wengi wakishapima hapo wanajiona mafundi. Lakini mwanya unakuambia habari za duara tu, habari za unene haukuambii. Unene unaulizwa mikromita, kile kipimo cha skrubu kilicho kwenye droo.

Ikicheza, usiifunge. Mwambie mwenye msumeno asubiri, hata kama anapiga miguu chini.

Makopo yako sawa. Maandishi ni ya mkono wangu, yaamini.

Msalimie Helmer. Na paka arudi kwake.

Mjomba wako,
Evald


Tallsele, 3 Machi 1974

Mjomba Evald,

Asante kwa barua na kwa somo. Nimechelewa kujibu, nisamehe. Mama alikuwa na mafua, halafu nami nikayapata, halafu mabomba ya maji yaliganda. Sasa tumepona sote pamoja na mabomba. Nimefurahi kusikia jicho la kushoto nalo limeshapasuliwa.

Labda Rune ameshasikia habari za kaka yake. Jumanne ya tarehe kumi na tisa Februari, Helmer alikuwa msituni na wanafunzi wanane, akiwaonyesha namna ya kuangusha mti unaoegemea upande mbaya. Akiwa katikati ya shina msumeno ukapiga kelele na kugoma. Hakuna aliyeumia. Lakini ulikuwa umekufa palepale, kamba ya kuwashia haikuvutika tena, na unajua watu wa huku wanasema nini injini ikigoma hivyo. Algot alisema kwa sauti mbele ya wanafunzi: "Mzee kasahau oili." Yaani yeye, Helmer, anayewapigia watu kelele za oili tangu Algot hajaota ndevu. Walicheka wiki nzima. Mtu mmoja alimtundikia chupa ya oili mlangoni kwake, na utepe mwekundu shingoni mwa chupa.

Amerudisha kazi ya ualimu kwa kampuni. Haendi msituni. Wanasema anakaa tu dirishani.

Msumeno uliletwa kwangu na nimeufungua. Silinda imekwaruzika vibaya.

Huku theluji haijaanza kulegea. Jitunze, usiiname.

Gerd


Umeå, 17 Machi 1974

Gerd,

Bado naandikiwa. Macho yote mawili yako kwenye bandeji na nimekuwa kama mzigo uliosahaulika stesheni.

Habari ya Helmer haijanikalia vizuri. Nimemjua miaka arobaini, na yule mtu anaweza kusahau siku ya harusi yake kabla ya kusahau oili. Niambie mikwaruzo ilikuwa upande gani. Ilizunguka silinda yote au ilikuwa mahali pamoja? Na ringi ulizikutaje?

Evald

Gerd, hapa chini ni mimi Maj-Britt. Tangu nimsomee barua yako baba hataki kula na hasemi kwa nini. Rune naye halali vizuri. Anasema Helmer ameanza safari ya baba yao. Unamkumbuka mzee Konrad, jinsi mwishoni alivyokuwa akitoka kila asubuhi na ndoo kwenda kumlisha farasi aliyekufa miaka ishirini nyuma? Helmer amempigia Rune simu na kumwambia, "Imeanza. Kwangu imeanza na oili." Tafadhali, kama kuna lolote la kumtia moyo, niandikie.


Tallsele, 31 Machi 1974

Mjomba,

Nina kazi nyingi sana wiki hizi. Nitakuandikia vizuri baada ya Pasaka. Mama anakusalimu.

Gerd


Umeå, Ijumaa Kuu, 12 Aprili 1974

Mpwa wangu Gerd,

Huu ni mkono wangu mwenyewe, ndiyo maana herufi ni kubwa kama za mtoto. Juzi wamenipa miwani minene kama kitako cha chupa. Kitu cha kwanza kusoma kilikuwa barua zako, zote, kuanzia ile ya Januari. Maj-Britt na Rune wako kanisani. Ukinijibu, andika jina langu tu juu ya bahasha. Nimeshawaambia kuwa kuanzia sasa nafungua barua zangu mwenyewe.

Kuna jambo nimekuficha. Kwa majira mawili ya baridi nilikuwa sioni namba kwenye mikromita. Nilizichambua ringi kwa ukucha. Msimu wa majani kuanguka, kabla sijaja huku, yale makopo mawili yalinidondoka yakamwaga kila kitu sakafuni. Nilipiga magoti nikaokota, nikatenganisha nene na nyembamba kwa kuzipapasa, nikajiambia vidole vya miaka arobaini havikosei. Sikumwambia mtu. Fundi asiyeona ni mzee tu aliyekaa karibu na jiko la kuni, na mimi sikutaka kuwa huyo.

Maj-Britt aliponisomea swali lako nilielewa palepale kwamba nilizichanganya ringi. Ningeweza kukuambia zipime zote upya. Lakini yeye alikuwa amekaa na kalamu mkononi, na nilikuwa nimemwambia yeye na daktari kwamba macho yalianza kunisumbua kiangazi tu. Niliona haya kuumbuka mbele ya mwanangu. Kwa hiyo nikakuambia yaamini makopo. Niliongeza lile onyo la ringi inayocheza, nikajidanganya kuwa linatosha.

Nadhani ringi ya Helmer ilitoka kwenye kopo langu. Kama ni hivyo, wewe huna kosa. Mwambie Helmer ni mimi. Sema Evald alikuwa kipofu na hakutaka ijulikane. Mimi ni mzee, sina tena wateja wa kupoteza, nitaubeba mzigo huo.

Nina aibu, Gerd. Nimeandika hilo neno na nimelitazama kwa miwani mipya.

Mjomba wako,
Evald


Tallsele, 16 Aprili 1974

Mjomba wangu,

Barua yako imefika leo nami najibu leo. Nimeisoma nikiwa nimesimama barabarani, na kwa muda kama wa dakika kumi nilifurahi. Nakuambia hilo ili unijue. Nilifurahi kwamba yupo mtu mwingine wa kulaumiwa, tena mtu ninayempenda.

Sasa sikiliza yaliyokuwepo. Helmer alikuja Alhamisi, tarehe kumi na saba Januari, siku tatu kabla sijakuuliza "kwa kujifunza tu". Alikuja na kikosi chake. Ringi ya zamani ilikuwa imelika. Nikachukua mpya kwenye kopo la moja na nusu, nikapima mwanya ndani ya silinda, ukawa sahihi. Nilipoivisha kwenye pistoni ikacheza. Nilijua, Mjomba. Mikromita ilikuwa kwenye droo, karibu na tumbo langu, sikuhitaji hata kunyoosha mkono. Lakini Algot alikuwa ameniinamia anasema, "Kama hujui sema tu, tuupeleke mjini kwa fundi mwanamume." Helmer akamwambia, "Mwache, Gerd anajua." Na mimi, kwa sababu Helmer alisema najua, sikuweza kusema sijui. Nikafunga.

Barua yako ilifika tarehe kumi na moja Februari. Ilisema ikicheza usiifunge. Msumeno ulikuwa bado unafanya kazi msituni, siku nane zaidi. Nyumba ya Helmer iko nyuma ya kanisa, ni mwendo wa robo saa. Nilivaa viatu nikavua. Makopo yako sawa, ulisema, nami nikajificha nyuma ya maneno hayo ingawa vidole vyangu vilikuwa vimeshanipa jibu.

Tarehe ishirini aliuleta mwenyewe, kofia mkononi. Tuliufungua pamoja. Ringi ilikuwa vipande vitatu. Mkwaruzo ulikuwa mmoja mrefu, upande wa tundu la moshi, na kwingine kote silinda iling'aa na ilikuwa imelowa oili. Ningeweza kumwonyesha kwa kidole. Macho yake yamechoka, hakuona. Akaniuliza, "Ni oili, Gerd?"

Nikasema, "Inawezekana."

Ni neno hilo moja tu. Akatikisa kichwa. Akasema, "Nilikuwa na hakika nimechanganya. Nakumbuka hata lile kopo. Lakini baba naye alikuwa na hakika juu ya farasi." Akaondoka akauacha msumeno.

Kwa hiyo huwezi kunibebea huu mzigo, na usijaribu. Ya makopo ni yako. Lile neno ni langu. Vipande vitatu ninavyo kwenye mfuko wa aproni na kila siku nasema kesho. Simu yetu iko jikoni na mama anasikia hata paka akikohoa, la sivyo ningekupigia nilie tu. Sina uso wa kumtazama Helmer. Niambie nifanye nini.

Gerd


Umeå, 19 Aprili 1974

Gerd,

Usiende kumnong'oneza jikoni kwake. Hakuaibishwa jikoni. Aliaibishwa msituni mbele ya watu wanane na Algot, basi mbele yao ndipo mahali pake. Beba vipande. Sema ulichofanya, acha hadithi ndefu.

Jana jioni nimemweleza Maj-Britt habari za macho na makopo. Aliniambia alijua siku nyingi. Nilikuwa nikimimina kahawa nje ya kikombe. Rune sijamwambia ya kaka yake. Nimekuachia wewe, lakini usizidi wiki.

Uamuzi ni wako kama utanitaja.

Evald


Tallsele, 24 Aprili 1974

Mjomba wangu mpendwa,

Hatujambo. Theluji ya paa la karakana imeanguka yote kwa mkupuo na imevunja ngazi yako, nitatengeneza nyingine. Naandika haraka, vumilia mwandiko.

Leo saa tano nilikwenda kwa Helmer. Tyra, mkewe, alinifungulia, akaniangalia kama mtu aliyechoka kupokea wageni wa pole. Helmer alikuwa amekaa mezani. Nilimwomba aje nami kwenye kibanda cha msituni, kwa sababu nina jambo la kumwambia mbele ya wenzake. Akasimama polepole. Akaniuliza, "Nimesahau kitu kingine?"

Nusura nigeuke nikimbie. Nikasema hapana, hujasahau kitu. Hakuamini. Alivaa koti akanifuata hadi kwenye gari langu, akakaa njia nzima na mikono magotini.

Kibandani walikuwa wanakula, wote, na wale wanafunzi wanane. Walipomwona yeye, waliweka vijiko chini. Algot alisogea kwenye benchi kumpa nafasi. Mimi sikukaa. Nilitoa vile vipande nikaviweka mezani katikati ya vikombe vya kahawa. Nikasema: "Hii ni ringi niliyoifunga mimi Januari. Ni nyembamba kuliko inavyotakiwa. Niliisikia ikicheza nikaifunga hivyohivyo, kwa sababu niliona haya kusema sijui. Ndiyo iliyoua msumeno. Oili ilikuwepo. Helmer aliponiuliza nikasema inawezekana, na nilikuwa naongopa." Nilisema hayo tu. Sikukutaja, Mjomba. Ya makopo utayasema mwenyewe ukirudi, ukipenda.

Helmer alivaa miwani. Alichukua kipande kimoja akakipapasa kwa ukucha, muda mrefu.

"Oili ilikuwepo?"

"Ilikuwepo. Silinda ilikuwa imelowa."

"Una hakika, Gerd?"

"Nina hakika."

Aliniuliza mara ya tatu, vilevile, kama mtu anayemuuliza daktari. Halafu akaniuliza nimejua tangu lini. Nikamwambia tangu tarehe ishirini Februari, tukiwa tumesimama pamoja mezani kwangu.

"Wiki tisa," akasema. "Nimempa Tyra funguo za gari azifiche. Bunduki nimempelekea Rune Umeå. Kila asubuhi Tyra ananiuliza ni siku gani, nami najibu, halafu natazama uso wake nione kama nimepata." Algot aliinamisha kichwa juu ya chakula chake. Mwanafunzi mmoja alitoka nje.

Mjomba, nilikuwa nimejiandaa. Usiku mzima nilikuwa nimeyapanga matusi atakayonitukana, na nilikuwa nimeshajibu yote moyoni kwamba ni haki yake. Nilidhani hata atanipiga kofi, ingawa hajawahi kumpiga mtu. Aliinuka, akazunguka meza, akanijia. Uso wake wote ulikuwa umelowa na wala hakuupangusa. Akanishika mikono miwili, hii hii iliyofunga ringi, akaibana mpaka ikaniuma.

"Asante," akasema. "Asante, Gerd. Mungu akubariki." Akarudia, na kurudia tena, mbele ya wote, na sikuweza kumfanya anyamaze.

Mpwa wako,
Gerd